PMP na mshahara: cheti hulipa wapi, na wapi hakilipi

Kila inapofika miezi ya mwisho wa mwaka, mikataba ya miradi inapokaribia kwisha na watu wanapoanza kupekua matangazo ya kazi, vijana ninaofanya nao kazi hapa Dar es Salaam huniuliza swali moja: nikipata PMP (Project Management Professional, cheti cha kimataifa cha usimamizi wa miradi), mshahara wangu utapanda kwa kiasi gani? Kwa kawaida jibu huwa wanalo tayari, wamelisoma mtandaoni, nalo ni asilimia 33. Wanachotaka kwangu ni uthibitisho tu, na uthibitisho huo siwezi kuutoa, ingawa cheti hicho ninacho na sijutii kukitafuta.

Tuanze na hiyo asilimia yenyewe. Inatoka kwa Project Management Institute, au PMI, taasisi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1969 ambayo imekuwa ikitoa cheti cha PMP tangu 1984 na ambayo hufanya utafiti wake wa mishahara ya mameneja wa miradi kila baada ya muda. Katika toleo la 12 la utafiti huo, lililotoka mwaka 2021 na kugusa nchi 40, wenye PMP walionekana kulipwa wastani wa asilimia 16 zaidi ya wasio nayo. Toleo la 13, la mwaka 2023, liligusa nchi 21, na pengo likawa asilimia 33. Mtu makini atajiuliza imekuwaje thamani ya cheti kile kile iongezeke maradufu katika muda wa miaka miwili. Jibu la karibu zaidi ni kwamba orodha ya nchi ilibadilika, na waliojibu dodoso hawakuwa watu wale wale. Sisemi kwamba PMI wamepika takwimu. Ninachosema ni kwamba anayeuza cheti ndiye anayepima faida yake, na kwamba wastani wa nchi nyingi zisizofanana hauwezi kumwambia mtu wa Dodoma au Mwanza atapata nini mwezi ujao.

Kuna jambo la pili ambalo matangazo ya kozi hayalitaji. Ili uruhusiwe kufanya mtihani wa PMP ukiwa na shahada, unatakiwa uwe umeongoza miradi kwa miezi isiyopungua 36, na kama huna shahada, miezi 60, pamoja na saa 35 za mafunzo. Maana yake ni kwamba mwenye cheti ni mtu ambaye tayari ana uzoefu, mara nyingi yuko katika shirika lenye uwezo wa kumgharimia, na ana ari ya kujisomea usiku baada ya kazi. Unapomlinganisha mtu huyo na meneja aliyekabidhiwa mradi wake wa kwanza mwaka jana, sehemu kubwa ya tofauti ya mshahara unayoiona ilikuwepo kabla ya mtihani. Mwanauchumi Michael Spence alieleza mwaka 1973 kwamba elimu inaweza kumwongezea mtu kipato hata pale ambapo haikumwongezea ujuzi, kwa sababu inamwonyesha mwajiri sifa ambazo hana njia nyingine ya kuziona. Nadhani PMP imo kwa kiasi kikubwa katika kundi hilo. Ujuzi wa kupanga gharama na kusimamia vihatarishi unapatikana humo, lakini kinacholipwa hasa ni ile hali ya kuonekana.

Sasa basi, nani analipia kuonekana huko? Hapa ndipo sehemu za kazi zinapotofautiana sana.

Chukua shirika lisilo la kiserikali linaloendeshwa kwa fedha za wafadhili. Mshahara wa meneja wa mradi haupangwi siku ya usaili, kwa kuwa ulishapangwa miezi mingi nyuma, wakati andiko la mradi lilipoandikwa. Ukifungua jedwali la bajeti utakuta mstari mmoja: meneja wa mradi, nafasi moja, miezi 12, asilimia 100 ya muda wake, na kiasi kwa mwezi. Jina la mtu halipo wala vyeti vyake havitajwi. Mfadhili akishaidhinisha mstari huo, mkurugenzi hana nafasi kubwa ya kuubadilisha, kwa maana kuhamisha fedha kutoka mstari mwingine huhitaji maelezo na wakati mwingine kibali cha maandishi. Mfanyakazi anayerudi kazini na PMP yake katikati ya mradi ataambiwa hongera, nakala itaingizwa kwenye jalada lake, na mshahara wa mwezi huo utakuwa ule ule. Wengi huliona hilo kama roho mbaya ya bosi, kumbe ni jedwali tu. Wakati wa kuongea ni pale andiko la mradi unaofuata linapoandaliwa, kabla mstari huo haujajazwa.

Serikalini hali inafanana kwa sababu nyingine. Mshahara hufuata muundo wa utumishi wa kada na ngazi yake, na kupanda ngazi hutegemea utendaji, muda, nafasi na bajeti. PMP haimo katika ngazi hizo kwa namna ambayo usajili wa kitaaluma umo kwa kada nyingine. Mhandisi anapaswa kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1997, na mhasibu bila CPA, cheti cha juu cha taaluma ya uhasibu, hufika mahali akakwama. Lakini hakuna sheria inayomzuia mtu kuitwa meneja wa mradi wa afya au wa elimu bila cheti chochote cha usimamizi wa miradi. Cheti ambacho sheria haikidai hubaki mikononi mwa soko, nalo soko hulipa pale linapokihitaji tu.

Linakihitaji wapi? Kwenye zabuni, na hapa naomba niende taratibu kidogo, kwa kuwa ndipo fedha zilipo. Kampuni ya ushauri elekezi inapoomba kazi, wasifu wa wataalamu wake wakuu hupewa alama. Katika nyaraka za mfano za Benki ya Dunia za kuwapata washauri, kigezo cha wataalamu wakuu hupangiwa kati ya alama 30 na 60 kwa mia za pendekezo la kiufundi, na bahasha ya bei ya kampuni isiyofikisha alama za chini za kiufundi haifunguliwi. Iwapo hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi inayoombwa, zimesema kiongozi wa timu awe na cheti cha usimamizi wa miradi kinachotambulika, basi karatasi yako imegeuka kuwa alama, na alama zinaweza kuamua nani anapata kazi na nani anakosa. Kampuni yenye wahandisi hodari lakini isiyo na mwenye cheti itakupigia simu hata kama haikujui.

Simu hizo huja wiki ya mwisho ya zabuni, karibu kila mara. Wanataka nakala ya cheti, wasifu katika fomu yao, na sahihi yako, kwani mtaalamu hutakiwa kuthibitisha kwa sahihi kwamba yu tayari kufanya kazi hiyo. Nimewahi kutoa vyote hivyo kwa kampuni moja ambayo baada ya kushinda haikunitafuta tena, ingawa kubadilisha mtaalamu mkuu huhitaji ridhaa ya mteja. Tangu hapo, kiwango changu cha malipo kwa siku tunakubaliana kwa maandishi kabla sijasaini fomu. Kwa uzoefu wangu, huo ndio wakati pekee ambapo cheti kinakuwa na bei unayoweza kuitaja kwa sauti, maana ukishasaini kampuni inacho inachokitaka.

Wanaotazama Dubai au Doha wana hesabu rahisi zaidi: matangazo mengi ya miradi ya ujenzi na ya teknolojia huko huitaja PMP waziwazi, na asiye nayo anaweza kuachwa kabla wasifu wake haujasomwa.

Upande wa gharama, ada ya kawaida ya mtihani kwa asiye mwanachama inazidi dola 500 za Marekani, bila kuhesabu mafunzo, na kila baada ya miaka mitatu unatakiwa uwe umekusanya vipimo 60 vya kujiendeleza ili cheti kisife. Kwa anayekusudia kubaki kwenye mashirika ya maendeleo, Project DPro (zamani ikiitwa PMD Pro), cheti kilichotengenezwa kwa ajili ya sekta hiyo, inaweza kumtosha kwa sasa. Mwajiri akijitolea kulipia, soma kwanza barua yake: baadhi hukufunga ubaki kwa mwaka mmoja au miwili, la sivyo urudishe fedha. Ikiwa faida ya cheti kwako iko kwenye kuhama, mkataba wa namna hiyo utakuzuia kuipata katika miaka ile ile ambayo cheti kingali kipya, na pengine ni nafuu ujilipie mwenyewe kwa awamu.