Macho yangu, samli, na maji ya trifala yaliyoniponza

Nashona kofia za mkono hapa Unguja. Kofia moja hunila zaidi ya mwezi, sindano na vitobo tu. Mwaka juzi macho yakaanza kuwasha kama yametiwa mchanga, na ikifika alasiri uzi mmoja nauona miwili.

Shoga yangu akaniletea unga wa trifala. Ni matunda matatu yaliyokaushwa na kusagwa: amla, haritaki na bibhitaki, na Wahindi wanautumia tangu kale. "Loweka usiku, shoga, asubuhi uoshe macho. Hii haina madhara." Nikaloweka kijiko. Asubuhi nikachuja kwa chujio la chai, kisha kwa leso iliyokunjwa mara mbili, hadi maji yakawa safi rangi ya chai ya rangi. Nikajiona nimefanya kwa uangalifu kabisa. Siku ya tatu jicho la kulia likaamka jekundu, kope zimegandana kwa tongo. Daktari alinipa dawa ya matone na kunieleza kwamba chujio halizuii vijidudu, na maji ya mtungini hayatiwi machoni hata yakionekana meupe. Kilichoniuma ni kujua baadaye kwamba shoga mwenyewe hakuwahi kuyajaribu.

Miezi kadhaa baadaye nikampeleka mama Kochi, kule Kerala, kwa upasuaji wa moyo. Wakati wa kumsubiri apate nguvu nikaenda kwa tabibu wa Ayurveda, ile tiba ya jadi ya Wahindi. Alikataa kunigusa mpaka daktari wa macho anipime presha ya macho na kuangalia kama nina mtoto wa jicho. Hapo ndipo nilipomwamini.

Tiba yenyewe inaitwa netra tarpana. Nililazwa chali. Wakakanda unga wa dengu nyeusi, wanaziita urad, ukawa mgumu kama wa chapati, wakanijengea ukuta kuzunguka kila jicho, kama kisima kidogo, wakiubonyeza kwa vidole usivuje. Samli iliyochemshwa na trifala waliiyeyusha juu ya maji ya moto, si motoni. Wakaimimina polepole nikiwa nimefumba, mpaka ikafunika kope. Kisha: "Fumbua." Niliogopa, nikafumbua. Dari ikageuka dhahabu, kila kitu kinacheza, na ule uvuguvugu ukaingia mahali palipokuwa pakiniwasha mwaka mzima. Nikawa napepesa, nafumba, nafumbua. Siku hiyo nzima naona ukungu, na nikaambiwa nikae mbali na jua na upepo. Nilirudia siku tano. Gharama yote haikufika bei ya kofia mbili nzuri.

Ule mchanga ulipungua sana. Miwani ya kusomea sikuivua, na atakayekwambia samli inavua miwani mkatalie. Wala usijaribu tarpana nyumbani kwa samli ya jikoni. Mimi nimeshapata funzo langu la leso.

Tabibu alinieleza pia kwamba nikikazia macho kwenye kitobo nasahau kupepesa, na machozi yanakauka. Hilo ndilo lililonisaidia zaidi baada ya kurudi, na dawa yake nimeitunga mwenyewe. Kifumbu cha nazi ninachochomekea sindano nimekihamishia barazani. Nikimaliza safu ya vitobo lazima niinuke kwenda kuchukua sindano yenye uzi mwingine, na nikifika pale natazama majahazi mpaka nihesabu ishirini, huku napepesa taratibu. Usiku napaka nyayo mafuta ya ufuta, maana kwa watu wa Ayurveda miguu na macho ni jamaa. Nisemalo kwa yakini ni kwamba nikishapaka sishiki tena kazi wala simu, nalala mapema.

Juzi shoga alikuja na kichupa cha asali, eti nidondoshe machoni. Nikamwambia, "Karibu ndani shoga, hii tutainywea chai."