Paka niliyemfungia ndani kabla ya kumtazama vizuri

Kwa siku tatu mfululizo paka yule alikuja mlangoni kwangu jioni, akala kwa pupa nilichomwekea, akalamba sahani mpaka ikasogea ukutani, kisha akatokomea gizani upesi kama aliyechelewa mahali. Alikuwa wa rangi tatu, nyeupe, nyeusi na ya machungwa, na mbavu zake zilihesabika. Hakuwa na ukanda shingoni, wala ncha ya sikio lake la kushoto haikuwa imekatwa, alama ambayo katika nchi nyingi huonyesha kuwa paka wa mitaani amekwisha kufungwa kizazi na kurudishwa alikotoka. Kwa dalili hizo chache nikatoa hukumu kwamba hana mwenyewe na anahitaji nyumba, na jioni ya nne, alipoingiza kichwa ndani, nikafunga mlango nyuma yake.

Usiku ule hatukulala, si yeye wala mimi. Alipanda dirisha linalotazama uani, akalikwangua kwa makucha, akashuka, akazunguka chumba na kurudi palepale, huku akilia kwa sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia kwa paka. Chakula alichokuwa akikipigania siku tatu hakukigusa. Nilijiambia kuwa ni woga wa mahali pageni, ingawa nilijua kwamba paka mwenye woga hujificha chini ya kitanda na kunyamaza, pengine siku nzima au mbili, na huyu hakutafuta maficho hata mara moja. Asubuhi jirani yangu, mzee ambaye ukuta wetu ni mmoja, aliniuliza kwenye kibaraza: "Mwanangu, huyo paka aliyelia usiku kucha ameacha nini nje?" Nilicheka kwa adabu, nikarudi ndani kumkamata nimpeleke kwa daktari wa mifugo.

Nilimkamata kwa mikono mitupu, akaniuma chini ya kidole gumba. Mara ya pili nilimfunika kwa taulo zito na kumviringisha, nikabakiza kichwa tu nje, akaingia kwenye kikapu cha kubebea bila shida, na hivyo ndivyo nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo.

Daktari hakuanza na chanjo wala minyoo. Alimsimamisha mezani, akapitisha kiganja chini ya tumbo lake, akasita. Akamwinua miguu ya mbele na kuyatenga manyoya ili nione: chuchu zilikuwa zimevimba, zina rangi ya waridi, na kila moja ilizungukwa na duara dogo lisilo na manyoya, kana kwamba limenyolewa. Akaminya moja taratibu, na tone la maziwa likatokeza. "Umemtoa wapi?" aliniuliza. "Na watoto wako wapi?" Nikahesabu saa kimoyomoyo. Zilikuwa kumi na nne.

Kabla hatujaondoka alipitisha kisoma chipu shingoni, kati ya mabega na chini mpaka kwenye miguu ya mbele, kwa sababu chipu yenye ukubwa wa punje ya mchele inaweza kuhama kutoka mahali ilipochomwa chini ya ngozi. Ingekuwapo, ingetoa namba yenye tarakimu 15 ambayo humfikisha mtu kwa mwenye paka. Haikuwapo. Kisha akanielekeza la kufanya: nimrudishe paka mahali alipozoea kupita, nifungue kikapu, nikae mbali na nimfuate kwa macho.

Nilipokifungua kikapu uani, hakugeuka kunitazama. Alipita chini ya uzio, akakatiza njia, akaingia nyuma ya rundo la mbao kuukuu zilizoegemezwa ukutani. Nilisubiri mpaka kilio chembamba kilipozimika, ndipo nikainama na kumulika. Walikuwa watatu. Macho yao yalikuwa wazi, masikio yameanza kusimama, na meno ya mbele yalianza kuchomoza, kwa hiyo niliwakadiria kuwa na umri wa wiki tatu hivi. Wawili walikuwa wameng'ang'ania chuchu. Wa tatu alilala kando, na nilipomgusa alikuwa wa baridi kama kokoto la kivulini.

Jambo la kwanza lililonijia akilini lilikuwa maziwa, na nafurahi kwamba nilimpigia daktari simu kwanza. Alinikataza katakata. Mtoto wa paka aliyepoa hawezi kusaga chakula, na akinyweshwa katika hali hiyo maziwa huweza kuingia mapafuni. Kwanza apate joto, na joto lenyewe liingie polepole. Nilimtia ndani ya shati langu, kifuani, kisha nikamlaza juu ya chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa. Ilichukua karibu saa nzima kabla hajaanza kusogeza kichwa akitafuta, na hapo ndipo nilipomweka kwa mama yake, akanyonya mwenyewe. Kama mama asingekuwapo, ningelazimika kutumia maziwa maalumu ya watoto wa paka, nikimlisha akiwa amelala kifudifudi, si chali kama mtoto mchanga wa binadamu, kila baada ya saa chache, usiku ukiwamo. Maziwa ya ng'ombe hayafai: huwaharisha, na mtoto wa paka anayehara hukaukiwa na maji upesi sana. Hata paka wengi wakubwa hawayawezi.

Hapa nieleze kosa la aina nyingine ambalo nilinusurika kulitenda. Mtu anayekuta watoto wa paka peke yao huwabeba papo hapo akidhani wametupwa, ilhali mara nyingi mama ameenda kutafuta chakula na atarudi baada ya saa kadhaa. Wakiwa wakavu, wana joto na wametulia, ni heri kusubiri kwa mbali. Mimi nilikuwa nimefanya kinyume chake, nikambeba mama na kuwaacha watoto, lakini chanzo cha makosa yote mawili ni kuona nusu ya familia na kuamua kwa ajili ya wote.

Jioni hiyo niliwahamishia chumba kidogo cha nyuma, watoto kwanza ndani ya boksi wakiwa mbele ya macho ya mama, naye akafuata mwenyewe. Nyumbani nilikuwa na paka wangu mzee, hivyo mlango ule ulibaki umefungwa kwa wiki mbili kamili. Nilinawa mikono na kubadilisha shati kila nilipotoka, na vyombo havikuchangiwa. Huenda ikaonekana ni kupita kiasi, lakini virusi vya panleukopenia, ugonjwa mkali wa kuambukiza wa paka, vinaweza kudumu katika mazingira hadi mwaka mmoja, na paka asiye na chanjo anaweza kuvibeba bila wewe kujua. Kipimo cha damu cha virusi vya leukemia ya paka na vya upungufu wa kinga ya paka, magonjwa ambayo hayamwambukizi binadamu, kilionyesha kuwa yuko salama, ingawa daktari alikirudia baada ya miezi miwili kwa kuwa maambukizi mapya huweza kujificha. Viroboto tuliwaondoa kwa kitana chenye meno ya karibu karibu. Dawa ya viroboto ya mbwa nilionywa nisiiguse, kwani nyingi zina permethrini, sumu ya wadudu ambayo huweza kumuua paka.

Jeraha langu nililidharau mpaka mchana, kidole kilipovimba. Meno ya paka ni membamba kama sindano. Hupeleka vijidudu ndani kisha ngozi hujifunga juu yake. Nilipaswa kuosha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kwenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu ya usaha na, zaidi ya hapo, kwa sababu ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishaanza karibu hauna wa kupona. Mhudumu alinianzishia chanjo bila kungoja, na paka akawekwa chini ya uangalizi kwa siku 10. Hakuonyesha lolote.

Wakati huo huo nilimtafuta mwenyewe. Nilibandika picha yake, uso na ubavu, lakini nikaficha alama moja: doa jeusi kwenye unyayo wa mguu wa nyuma wa kulia. Watu wawili walipiga simu. Mmoja alisema kwa uhakika kuwa ni dume lake lililopotea, nami sikuhitaji hata kuuliza juu ya unyayo, kwa kuwa paka wa rangi tatu karibu wote ni majike. Wa pili alikuwa mama mwenye sauti ya huzuni, akakisia alama kadhaa na kukosa zote, kisha akaomba radhi. Mwezi ulipita bila mwingine kutokea.

Watoto walipotimiza wiki nane walikuwa wakila chakula kigumu, na mama yao akafungwa kizazi, jambo ambalo halikufaa kuchelewa, maana paka huweza kupata mimba nyingine hata akiwa bado ananyonyesha. Wawili walikwenda pamoja kwenye nyumba moja. Yule aliyekuwa wa baridi nilimbakiza, pamoja na mama yake.

Wiki iliyopita alianza kuja dume la kijivu, safi manyoya, lenye njaa ya kuigiza. Safari hii nililala sakafuni nikalitazama tumbo na masikio kabla ya kulilisha. Nikalifunga shingoni ukanda mlegevu wa karatasi, unaochanika kirahisi likinaswa, nikaandika: "Paka huyu ana mwenyewe? Tafadhali nijulishe," na namba yangu ya simu. Hakuna aliyepiga. Jana jioni lilirudi kula likiwa bila karatasi, na shingoni limevaa ukanda mpya mwekundu wenye kengele.