Mota zimehama

Jumamosi, saa tano usiku. Vidole vimeganda gundi, lakini roboti imezunguka sebule mara sita bila kuacha mstari, na sitaki kulala kabla sijaandika ilivyokuwa.

Wiki mbili nzima nimeilaumu programu. Roboti yenyewe ni kipande cha plaiwudi cha sentimita 20 kwa 14, mota mbili za njano zenye gia za plastiki, magurudumu mawili ya milimita 65, na gololi ya chuma ya kuegemea kwa mbele. Kazi yake ni kufuata utepe mweusi wa mafundi umeme niliobandika sakafuni. Ikifika kwenye kona inayumba kulia, inayumba kushoto, kisha inapotelea chini ya kochi. Nimebadilisha namba, nimepunguza kasi, wapi!

Leo mpwa wangu kalala kifudifudi sakafuni anaitazama ikimjia. "Mjomba, mbona pua yake inaenda mbali hivyo?"

Nikachukua rula. Roboti ya aina hii ikigeuka huzungukia katikati ya magurudumu yake mawili. Mimi mota nilizifunga nyuma kabisa, sentimita 3 kutoka ukingoni, na sensa, yaani vijicho vyake vya kuuona utepe, nikaziweka mbele kabisa, sentimita 16 kutoka kwenye magurudumu. Ikigeuka nyuzi 10 tu, sensa zinafagia karibu sentimita 3, na utepe wenyewe upana wake haufiki 2. Kila ikijisahihisha inauruka mstari. Programu ilikuwa inafanya ilichoambiwa, maskini.

Tukailaza juu ya penseli tutafute inapobalansi. Ikatulia sentimita 12 kutoka nyuma. Maana yake zaidi ya nusu ya uzito ilikuwa imeegemea gololi, ambayo haisukumi chochote. Ndiyo maana ikikuta ukingo wa mkeka magurudumu yalizunguka bure.

Basi, bisibisi. Nikasogeza mota mbele sentimita 8, betri nne nikaziweka juu yake moja kwa moja. Ilipoanza kuondoka ikainua pua, gololi ikaachana na sakafu. Nikasukuma betri mbele kidogo, sentimita 2 hivi, ikatulia. Sasa gololi inabeba chini ya robo ya uzito, na mkeka inaupanda.

Kilichonichosha zaidi ni kunyoosha mota. Mara ya kwanza ikawa inavuta kushoto. Nikapima nafasi kati ya magurudumu: mbele sentimita 13.2, nyuma 13.6. Milimita nne! Yalikuwa yanatazamana kwa mbele, kila moja likiburuza mpira wake sakafuni. Nikabandua gundi, nikayaegemeza yote mawili kwenye rula moja ndefu, nikayashikilia mpaka gundi ikapoa. Yeyote atakayejenga ya kwake, hapo asiwe na haraka hata kidogo. Gundi ya moto inaposhika inavuta, na mkono hausikii.

Limebaki jambo moja. Nyuma sasa kuna mkia wa sentimita 11 unaogonga miguu ya meza kila kona. Kesho nakata sentimita 4 kwa msumeno, halafu tunairudisha kwenye penseli. Mpwa wangu ameshapiga mstari wa kukatia, na matundu ya zamani ya mota yameangukia upande wa kutupwa.