Nilivyopangiwa saa za kazi zinazolingana na machinjio

Mimi ni afisa mifugo wa kata kwenye halmashauri moja ya wilaya huku Tanzania Bara. Kazi ninayojulikana nayo zaidi ni ukaguzi wa nyama, na nyama haisubiri ofisi ifunguliwe. Wachinjaji wanaanza saa 10:30 alfajiri, ng'ombe anatakiwa aonekane akiwa bado amesimama, kisha achunwe, nipasue matezi, nitazame mapafu na moyo, nichane ini kutafuta minyoo. Ndipo mhuri wa zambarau unagongwa na bodaboda anaondoka na boksi. Saa 12:30 mabucha yanataka mzigo.

Saa 1:30 ofisi ya kata inafunguliwa, na Mtendaji wa Kata anapiga mstari mwekundu kwenye daftari la mahudhurio. Anayesaini chini ya mstari amechelewa, basi. Mimi nilikuwa nafika na gambuti zina damu, jina langu linakaa chini ya mstari karibu kila siku. Mchana nikienda kulala kidogo, mtu ananikosa. Mwishowe diwani, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata, akaniuliza mbele ya wajumbe kama mshahara naupokea kwa kazi ya nusu siku. Nikapewa na barua ya kujieleza.

Diwani anaweza kulalamika mpaka baraza zima likasikia, lakini mwajiri wangu ni Mkurugenzi wa halmashauri. Kwa hiyo sikuhangaika kubishana naye kikaoni. Nilinakili daftari la machinjio: tarehe, idadi ya ng'ombe na mbuzi, saa ya kuanza, saa ya mhuri wa mwisho. Nikaandika barua kwa Mkurugenzi, ikapitia kwa Mtendaji na kwa mkuu wangu wa mifugo wilayani, nikiomba zamu ya saa 10:30 alfajiri hadi saa 6:30 mchana, na daftari la kusaini liwekwe machinjioni.

Jibu la kwanza la idara ya utumishi lilikuwa kavu: saa 1:30 hadi 9:30 ni saa za Serikali, halmashauri haina uwezo wa kuzigusa. Hapo ni kweli, na ndipo watumishi wengi wanapokata tamaa. Ila mimi sikuomba saa za ofisi zibadilike. Niliomba mtumishi mmoja apangiwe zamu kulingana na kazi yake, jambo ambalo mwajiri yuleyule analifanya kila wiki kwa wauguzi wa kituo cha afya. Mwenyekiti wa tawi letu la TALGWU, chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, alinisaidia kuliweka hivyo kwa maandishi. Tuliambatanisha hesabu pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku na siku. Mtu anayeanza saa 10:30 alfajiri na kushikiliwa ofisini hadi saa 9:30 alasiri amefanya saa 11. Ukimwangalia kwa jicho hilo, wa kujieleza si mimi tena.

Mkuu wangu wa mifugo ndiye aliyenisukumia jambo kwa Mkurugenzi. Bila yeye barua ingelala kwenye faili. Kibali kilikuja kwa sharti moja: jioni simu iwe hewani, maana ng'ombe anayeshindwa kuzaa naye hana ratiba. Nikakubali. Mtendaji alibandika ratiba yangu mlangoni, na pale chini akaongeza kwa kalamu namba ya simu. Diwani aliiona, akasoma, akaniuliza tu kama Jumamosi mnadani nitakuwepo.

Kilichobaki ni malipo. Sheria hiyohiyo inahesabu usiku kuwa saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya kazi ndani ya muda huo inaongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa. Kwangu ni saa moja na nusu kila alfajiri. Nimeambiwa bajeti haina kifungu cha hilo. Madai nimeyaacha utumishi, nakala anayo mwenyekiti wa tawi, na bajeti ijayo ikianza kuandaliwa nitakwenda nayo tena.