Tija ya saluni haiko kwenye vidole vya msusi

Mwaka 1966, wachumi wa Marekani William Baumol na William Bowen walieleza kuwa wanamuziki wanne wanaopiga muziki wa karne zilizopita hawawezi kuumaliza kwa muda mfupi kuliko wanamuziki wa enzi hizo, hata kama viwandani kazi zote zimeongezewa kasi. Hoja hiyo hunijia kila ninapokaa kusukwa rasta ndogo ndogo. Msusi hodari bado anahitaji saa kadhaa, na hakuna programu ya simu itakayompunguzia hata nusu saa bila kuharibu kazi.

Kwa hiyo, anayeuliza teknolojia imeongeza tija gani katika biashara za huduma asitazame mikono ya msusi, bali atazame muda unaopotea kabla na baada ya kusuka. Katika saluni ninayokwenda Sinza, Dar es Salaam, zamani mteja alifika na picha mkononi, mjadala wa bei ukaanza hapo hapo, kisha ikagundulika kuwa pakiti za rasta hazitoshi na msusi akatoka kwenda kutafuta dukani huku kiti kikiwa kimekaliwa na mtu asiyehudumiwa. Siku hizi picha hutumwa kwa WhatsApp siku moja kabla, na mteja hujibiwa bei, idadi ya pakiti, rangi iliyopo na saa ya kufika. Msusi anaanza kazi mteja anapoketi.

Malipo nayo yamebadilika, ingawa si kwa siku moja. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, lakini kwa muda mrefu wateja walituma fedha kwenye namba binafsi ya mwenye saluni, zikachanganyika na ada za shule na michango ya harusi. Lipa Namba, yaani namba ya kupokelea malipo ya biashara, imetenganisha mapato ya kazi na fedha za nyumbani, hivyo kamisheni za wasusi hukokotolewa jioni bila ubishi mrefu. (Sharti ni kwamba meseji isomwe kwenye simu ya saluni, kwani ile anayoonyesha mteja inaweza kuwa ya kughushi.)

Hata hivyo, simu hiyo hiyo hula tija iliyoileta. Msusi anayejibu wateja wa kesho huku akisuka wa leo humchelewesha aliye mbele yake, na mistari hupinda. Kwa maoni yangu, uamuzi wa maana zaidi wa mwenye saluni huyo ulikuwa kumkabidhi mtu mmoja wa mapokezi simu ya kazi, na kuwataka wasusi waweke zao kando.

Linalosumbua sasa ni wanaoweka nafasi wasitokee. Saluni imeanza kudai malipo ya awali kwa Lipa Namba; vijana hulipa bila neno, ilhali baadhi ya kina mama waliozoeleka hapo miaka mingi huona wamevunjiwa heshima, na hao bado wanapokelewa bila kulipa kwanza.