Jioni Sita na Marlin Kuukuu

Nilikotoka, bunduki ilikuwa ya askari. Raia ukionekana nayo, una maelezo ya kutoa. Kwa hiyo miaka yangu ya mwanzo hapa Marekani sikugusa hata moja. Sheria nayo ilinizuia: mwenye viza ya muda, isipokuwa kwa ruhusa chache kama leseni ya uwindaji, haruhusiwi kumiliki. Nilipopata ukaazi wa kudumu nikaenda dukani, nikajaza fomu, jina langu likapita kwenye ukaguzi wa FBI, nikatoka na Marlin 39A yenye kutu ambayo wateja wengine walikuwa wakiipita.

Ni bunduki ya .22 (kipenyo cha risasi, kwa inchi) yenye wenzo nyuma ya kifyatulio. Unausukuma mbele, ganda tupu linaruka. Unaurudisha, risasi nyingine inaingia. Toleo hili lilianza mwaka 1939, ila ukoo wake unarudi hadi 1891, huko New Haven, Connecticut. Ubavuni kulia ina skrubu moja kubwa. Unailegeza kwa sarafu tu, na bunduki inaachana vipande viwili, hivyo mtutu unasafishwa kuanzia nyuma. Aliyebuni hilo aliwafikiria watu wa kuitunza.

Kwenye kutu nilishika msasa, nikauweka chini. Msasa ungeondoa kutu pamoja na ile rangi nyeusi ya samawati ya chuma, na umri wote wa bunduki ungeondoka nayo. Nikapaka mafuta mepesi, nikayaacha yalale usiku kucha, kisha nikasugua taratibu kwa stilwaya laini kabisa, namba 0000. Jioni sita. Kitambaa kilitoka na rangi ya chai ya rangi, na kila jioni chuma kilijitokeza zaidi. Kitako cha walnati nilikipa mafuta ya kitani, matone machache, nikisugua kwa kiganja mpaka kiganja kipate joto. (Vitambaa vyenye mafuta hayo usivirundike: vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke.)

Kilichonisumbua ni risasi kugoma kuingia. Risasi ya .22 haina fataki katikati ya kitako chake. Fataki imo ndani ya ukingo, na pini ya kufyatulia huubana ukingo huo dhidi ya mdomo wa chemba, yaani tundu ambamo risasi hukaa. Ukifyatua bila risasi, pini inaweza kugonga chuma cha chemba chenyewe. Mtu, miaka mingi nyuma, alifanya hivyo mara nyingi mno, na mdomo wa chemba ukaota kinundu. Sikujaribu kukichonga. Nilimpelekea fundi bunduki, akakirudisha mahali pake kwa kifaa maalumu, bila kupunguza chuma.

Jumamosi nikaenda uwanja wa shabaha, miwani machoni, vizibo masikioni. Nilipakia risasi tano tu, ingawa bomba lake la kuwekea risasi, chini ya mtutu, linabeba 19. Yadi 50. Mlio wa .22 ni mdogo, na bunduki haisukumi bega. Tatu zilikaa karibu karibu, mbili zikaenda kushoto, na hizo mbili ni za mkono wangu.

Niliokota ganda la kwanza, nikaligeuza kwenye mwanga. Alama ya pini ilikuwa ukingoni, fupi, yenye kina, safi.