Karatasi Isiyo na Jina

Mwaka 2019 nilikuwa mwaka wa pili chuoni, na somo la saikolojia nililichukua kwa sababu moja tu: waliotutangulia walisema halina sapu, yaani mtihani wa marudio. Mhadhiri alikuwa mama mpole, hapandishi sauti hata darasa likichafuka. Siku hiyo aliingia na vikaratasi vidogo, akatugawia kila mtu viwili.

"Kwenye cha kwanza, andika unadhani jana ulikaa kwenye simu kwa muda gani. Jina usiandike."

Sikuumiza kichwa. Niliandika saa mbili, tena nikaona nimejizidishia. Jana yake nilishinda maktaba, nikatoka jioni nimechoka kama mtu aliyelima. Simu niliitazama njiani, kwenye foleni, na kidogo kitandani.

"Sasa fungua mipangilio ya simu yako, utafute panapoonyesha muda wa kutumia skrini. Hicho ndicho uandike kwenye cha pili."

Kwa wengi wetu kitu hicho kilikuwa kigeni. Apple walikuwa wamekiweka kwenye iPhone mwaka mmoja tu nyuma, Septemba 2018, na Google nao wakatoa cha kwao mwaka huohuo. Tukaanza kuelekezana, bonyeza hapa, shuka chini, hapo hapo.

Yangu ilisema saa 6 na dakika 41. Chini yake: simu imeshikwa mara 143.

Kwanza nilidhani imejumlisha siku mbili. Nikafungua mchoro wa saa kwa saa. Kati ya saa nne na saa tano asubuhi, nikiwa maktaba, dakika 23. Saa iliyofuata, 31. Ile niliyoiita siku ya kusoma ilikuwa na matundu kama chekeche, na karibu matundu yote yalikuwa ya programu moja ya picha na video fupi.

Zile saa sita ningeweza kuzitetea. Ningesema kuna video ya somo humo ndani, kuna kikundi cha kazi za darasa, kuna simu ya nyumbani. Lakini 143? Nikazigawa kwa saa 16 nilizokuwa macho: hata dakika saba hazikupita bila kuishika. Na nilipojaribu kuzikumbuka, nilikumbuka labda kumi. Zilizobaki mkono ulijiendea wenyewe.

Nikachukua kikaratasi cha pili, nikaandika: saa 3 na dakika 10.

Hizo dakika kumi ndizo zinazonitia aibu mpaka leo. Uongo wa haraka ungekuwa saa tatu kamili, lakini mimi nilikaa nikautengeneza mpaka ukafanana na kitu kilichopimwa. Mwenzangu wa chumbani alikuwa kushoto kwangu. Alitupa jicho kwenye simu yangu, akatupa kwenye kikaratasi, akanyamaza. Chake alikuwa amekifunika kwa kiganja.

Mhadhiri akakusanya, akaandika namba ubaoni safu mbili, akarudi nyuma hatua chache kuzitazama.

"Ninyi mna vipaji," alisema. "Wanafunzi wangu wengine hukosea kwa mbali. Ninyi mmekisia, na simu zenu zimekubaliana nanyi." Akangoja kidogo. "Aliyenidanganya asinyooshe mkono."

Darasa zima likaangua kicheko, na hakuna mkono ulionyooka.

Nilitegemea atufokee, au angalau atuulize inakuwaje mtu adanganye karatasi isiyo na jina. Hakufanya hivyo. Alianza kutusimulia habari za njiwa. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwafungia njiwa kwenye kisanduku chenye kitufe cha kudonoa. Chakula kikija kila baada ya idadi ileile ya kudonoa, njiwa hula, hupumzika, kisha huanza tena. Kikija bila mpangilio, mara baada ya kudonoa mara tatu, mara baada ya hamsini, njiwa hapumziki. Hata ukikata chakula kabisa, ataendelea kudonoa kwa muda mrefu.

Kisha akainua mkono, akashusha kidole gumba hewani polepole na kukiachia, kama anayevuta skrini ili ilete mapya. Hakusema neno. Ukumbi mzima ulikijua kile kidole.

Alitutajia pia Aza Raskin, aliyebuni mwaka 2006 ukurasa usiokwisha, ule unaojijaza wenyewe kila unavyoteremka, na ambaye baadaye alikiri hadharani kuijutia kazi hiyo. Zamani ukurasa ulikuwa na mwisho. Ulifika chini, ukatakiwa ubonyeze ili uende mbele, na hapo katikati ukapata nafasi ya kukumbuka kwamba una usingizi. Mimi nikakumbuka jambo jingine nililowahi kusoma: Facebook ilipoanza Chuo Kikuu cha Harvard, Februari 2004, ilikuwa ya wanachuo, na haikufunguliwa kwa kila mtu wa miaka 13 na zaidi hadi Septemba 2006. Maana yake njiwa wa kwanza tulikuwa sisi.

Lakini lililonigusa lilisemwa wakati watu wameshaanza kufunga mabegi. Mhadhiri alisema, kama anayejisemea, kwamba kabla ya kuingizwa kisanduku wale njiwa walipunguziwa chakula mpaka uzito wao ukashuka. Njiwa aliyeshiba hana shida na kitufe.

Sikuona aliyeliandika. Mimi pia sikuliandika, ila lilinifuata hadi nje. Muhula uliopita nilikuwa nimeshindwa somo moja na nyumbani sikuwaambia. Kila nilipofungua kitabu cha somo lile kifua kilibana, na kila kilipobana mkono ulikwenda mfukoni. Najua kampuni zile zimekijenga kile kisanduku kwa ustadi, na siwatetei. Lakini niliingia humo na njaa yangu mwenyewe.

Usiku ule niliiondoa ile programu. Sikumtangazia mtu. Niliibonyeza mpaka alama zote zikatetemeka, nikaifuta, nikaiweka simu kifuani na kujiona shujaa. Haukupita muda kidole kikaenda palepale kilipozoea. Programu iliyofuata ilikuwa imesogea kuziba pengo, nayo ilikuwa kikokotoo. Nikakifunga. Baada ya kitambo nikakikuta kimefunguka tena. Nadhani nilikifungua mara kumi na moja kabla ya saa sita za usiku, na mara moja, kwa kuwa kilikuwa wazi tu mbele yangu, nilizidisha zile saa sita na dakika arobaini na moja kwa siku saba. Zikapita arobaini na sita.

Mwanga wa skrini ulifika kitanda cha pili.

"Unapiga hesabu gani usiku huu?" mwenzangu akauliza.

"Za takwimu," nikasema. "Kuna kazi ya kesho."

Akakaa kimya, nikadhani kalala.

"Yangu ilikuwa saa tisa na kitu," akasema gizani. "Niliandika nne."